Mgema Hakutia Maji

Methali hii kila mtu anaijua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumefundishwa skuli, tumeiandikia insha, na tulipokua tukaanza kuwarushia mafundi, wapishi, hata wachezaji mpira waliosifiwa msimu mmoja wakaharibu wa pili. Mimi nimeitumia vibaya kuliko nyote. Niliitamka mbele ya mgema mwenyewe, mzee wa umri wa babu yangu, nikiwa na haidromita mkononi na namba kwenye daftari. Namba niliisoma vizuri tu. Tatizo ni kuwa sikujua ilikuwa inasema nini.

Naandika haya kwa sababu nadhani kosa langu ni la wengi wetu hapa chuoni, khasa sie wa sayansi. Tena halikuanzia kwa yule mzee. Lilianzia maabara, mwaka wa kwanza, siku ambayo hakuna aliyeumia wala kulipa chochote.

Tuko watatu, tumepanga Mtoni, si mbali na magofu ya kasri ya Seyyid Said. Somo la ujasiriamali lilitaka kila kundi litengeneze kitu kinachoweza kuuzwa. Wengi wakakimbilia sabuni ya mwani na viungo vya pakiti. Sie tukachagua siki ya tembo, ile ya bibi zetu ya kutilia achari. Najua wapo watakaokunja uso wakisikia neno tembo. Tulichokitaka ni siki, na siki haiji mpaka utamu upite njia yake: kwanza hamira igeuze sukari kuwa kileo, halafu bakteria kwa msaada wa hewa wageuze kileo kuwa asidi. Ukiruka hatua moja, huna siki.

Sasa haidromita inaingiaje hapo? Kwa asiyeijua, ni kijiti cha kioo kilichojazwa uzito chini, na juu kina shina jembamba lenye namba. Unakiachia kielee kwenye kimiminika. Kwenye maji matupu kinazama mpaka alama ya 1.000. Kwenye maji yenye sukari kinaelea juu zaidi, na namba unayoisoma inapanda. Ndivyo wapika bia duniani wanavyojua nguvu ya ule uji mtamu wa shayiri kabla ya kuutia hamira. Zamani walikuwa wakikisia kwa ulimi na kwa mazoea, mpaka watu kama John Richardson, mpika bia wa Hull kule Uingereza, alipotoa kitabu mwaka 1784 kuonyesha namna ya kupima kwa chombo. Kufikia 1880 serikali ya Uingereza ilikuwa inatoza kodi ya bia kwa kufuata kipimo hicho cha kabla ya kuchachua. Hebu fikiria: nukta mbili tatu zikikosewa, ama mpika bia ameibiwa ama hazina imeibiwa.

Lakini chombo chenyewe si mali ya walevi. Mwaka 1121 Al-Khazini, mwanachuoni wa Merv, mji ulioko leo Turkmenistan, aliandika Kitabu cha Mizani ya Hekima. Humo alieleza chombo cha kuelea cha kupimia vimiminika, akasema asili yake ni kwa Pappus wa Iskandaria. Kwa hiyo tunazungumzia mizani, na mizani sie Waislamu tumehimizwa kuisimamisha sawasawa kabla hatujaingia chuo chochote. Iko sura nzima kwenye Qur'an, Al-Mutaffifin, inayoanza na wanaopunja vipimo. Mimi siku zote nilidhani inawahusu wauzaji tu.

Turudi Mtoni. Utomvu mbichi wa mnazi, yaani tembo tamu, huwa na sukari kiasi cha asilimia 12 hadi 18. Ukisoma 1.060 ujue una karibu asilimia 15. Kwa hesabu ya kemia, gramu 15 za sukari zinatoa gramu 7 na nusu hivi za kileo, na kileo hicho kikigeuka chote unapata gramu zaidi ya 9 za asidi. Kwa vitendo hupati zote, nyingine zinaruka hewani na nyingine zinaliwa na vijidudu. Viwango vya nchi nyingi vinataka siki iwe na asidi angalau asilimia 4. Ukianza na utomvu dhaifu unaishia na siki dhaifu, na siki dhaifu kwenye achari ya maembe ni ukungu baada ya wiki chache. Kwa hiyo kupima tulikuwa tunapima kwa haki. Hatukuwa tunajionyesha.

Mgema wetu alikuwa akitoka shamba, upande wa Bumbwisudi. Alifika na baiskeli yake saa mbili asubuhi, dumu la lita 20 nyuma. Makubaliano yalikuwa elfu ishirini. Tulikuwa tumesoma kuwa utomvu unaanza kuchacha wenyewe tangu ukiwa juu ya mnazi, kwa hiyo tukalitia kwenye sufuria palepale, tukafunika, tukalichemsha dakika chache kuua hamira za mwituni. Mzee akakaa barazani kusubiri pesa yake. Kwa kuwa anasubiri, sie tukaharakisha. Tukachota tembo likiwa bado linatoa moshi, tukamimina kwenye silinda ya kupimia, tukaachia haidromita.

1.044.

Mwenzangu akapiga hesabu kwenye simu. Kama tembo safi ni 1.060, basi kulifikisha 1.044 inabidi zaidi ya robo yake yawe maji, yaani lita tano na ushei kwenye dumu lile. Tukatazamana. Nikatoka barazani na daftari langu, na badala ya kuuliza nikaanza na methali. Nilicheka kidogo nilipoisema, kama mtu anayetaka kufanya mambo yawe mepesi.

Mzee hakucheka. Akasema, "Mwanangu, maji mimi nayanywa. Siyauzi."

Nikamwonyesha namba. Nikamweleza kuwa kifaa hakidanganyi. Neno hilo nalikumbuka, na hadi leo likinijia natamani nijifiche. Akaitazama ile karatasi, akaniuliza, "Hiki kimekwambia nimetia maji?" Nikamjibu ndiyo. Tukampa elfu kumi na tano. Akazihesabu, akazikunja, akafunga dumu lake tupu kwa mpira, akaondoka. Hakubishana tena. Nami nikachukulia ule ukimya kuwa ni kukiri.

Usiku, baada ya Isha, sufuria ilikuwa imepoa vya kutosha kutiwa hamira. Kwenye karatasi ya maelekezo palikuwa na nafasi ya kuandika kipimo cha mwisho kabla ya hamira, nikapima ili nijaze tu. 1.057. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikakifuta kioo, nikapima tena. 1.057. Sufuria ni ileile, jikoni hakuingia mtu, na sukari haijiongezi yenyewe kwenye sufuria iliyofunikwa.

Kilichobadilika ni joto. Kimiminika kikipata moto kinatanuka. Ujazo uleule unakuwa na uzito pungufu, na haidromita inazama zaidi. Maji safi ya nyuzi 20 yana densiti ya 0.998, ya nyuzi 30 ni 0.996, ya nyuzi 60 ni 0.983. Haidromita yetu ilikuwa na maandishi madogo kwenye karatasi iliyo ndani ya shina: 20°C. Maana yake ni kwamba inasema kweli kwenye nyuzi 20 tu. Tembo letu asubuhi lilikuwa karibu nyuzi 60. Kwa joto hilo inabidi uongeze kiasi cha nukta 15 au 16, na 1.044 yetu inakuwa 1.060. Usiku, kwenye nyuzi 30 za jikoni kwetu, unaongeza mbili hadi tatu, na 1.057 nayo inarudi kulekule kwenye 1.060. Robo nzima ya maji niliyomsingizia mzee wa watu ilikuwa ni moto wa jiko letu wenyewe.

Msomaji atasema: basi kijana kakosea, aombe radhi, yaishe. Radhi nitaifikia. Lakini nataka kwanza tuulizane, imekuwaje watu watatu waliofaulu fizikia na kemia, wanaojua vizuri kuwa vitu hutanuka kwa joto, wasikumbuke siku moja waliyoihitaji elimu hiyo?

Jibu langu ni hili. Mwaka wa kwanza tulikuwa na zoezi la haidromita. Kazi ya mwanzo ilikuwa kupima maji safi. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi, feni haizunguki, na maji yametoka kwenye ndoo iliyokaa humo ndani tangu asubuhi. Yalikuwa na nyuzi 30 au zaidi. Haidromita ikasoma chini kidogo ya 0.998. Nikamtazama wa pembeni yangu, naye amepata hivyohivyo. Tukatazama kitabu: maji ni 1.000. Tukaandika 1.000. Kundi zima, ripoti zote, 1.000. Tukapata alama zetu.

Hebu kaeni na hilo kidogo. Maji safi ya nyuzi 30 hayawezi kusoma 1.000 kwenye haidromita iliyotengenezwa kwa nyuzi 20. Yanatakiwa yasome kama 0.997. Ukiona 1.000, ama kifaa kibovu, ama maji si safi, ama umeandika ulichokitarajia. Siku ile kifaa kilikuwa kizima. Kilikuwa kinatufundisha somo la joto, bure, bila ya mtu kudhurika, nasi tukakinyamazisha kwa kalamu. Tunaita kupika data, na tunacheka. Ile nukta mbili tatu tuliyoifuta mwaka wa kwanza ndiyo iliyotusubiri mpaka ikarudi ikiwa nukta 16, barazani Mtoni, mbele ya mtu asiye na maabara ya kujitetea.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema data za mazoezi hazina madhara kwa kuwa "kila mtu anajua jibu". Ukizoea kusahihisha kipimo ili kifanane na kitabu, kuna siku utasahihisha binadamu ili afanane na kipimo. Mkono ni uleule. Wengi wetu tutatoka hapa twende kwenye kazi za kupima: maziwa, mafuta, maji ya kisima, dawa, damu. Aliye upande wa pili wa namba zetu mara nyingi ni mtu kama yule mzee. Hawezi kusoma kifaa chetu, na sie hatuwezi kupanda mnazi wake.

Wapo watakaonambia: lakini wagema wengine wanatia maji kweli, na wauza maziwa vilevile. Sikatai. Methali haikutoka hewani. Na hiyo ndiyo sababu ya kupima vizuri, kwa kuwa kipimo cha ovyo kinamlinda mdanganyifu vilevile kinavyomdhulumu mkweli. Tembo lililokwisha kuanza kuchacha lina viputo vya gesi. Vinashika kwenye kioo na kuinua haidromita, nawe unasoma namba kubwa kuliko ukweli. Mwenye kutia maji akikuletea tembo linalochemka povu, anaweza kupita. Mwengine atatia maji kisha akakoroga sukari, na haidromita haitajua, kwa sababu inapima uzito wa kimiminika tu. Haijui kilichoyeyuka humo ni nini, wala haijui nia ya mtu. Na tembo la kweli lisilo na tone la maji, likicheleweshwa njiani mpaka mchana, litasoma chini kwa kuwa sukari imekwisha kugeuka kileo, na kileo ni chepesi kuliko maji. Kwa hiyo hata siku ambayo namba iko chini kweli, bado una maswali ya kuuliza kabla ya kutaja maji. Uligema saa ngapi? Umepita njia gani? Dumu lilioshwa kwa nini?

Kupima vizuri hakuhitaji kifaa cha mamilioni. Angalia kwanza kifaa chako kimetengenezwa kwa nyuzi ngapi, vya zamani kutoka Uingereza vingi vimeandikwa 60°F, ambayo ni kama nyuzi 15 na nusu. Kijaribu kwenye maji safi ya joto hilo, kama hakisomi 1.000 andika tofauti yake na uikumbuke kila mara. Koroga unachokipima ili juu na chini viwe sawa, kisha kiache kitulie na utoe gesi. Kipoze, au pima joto lake na ufanye marekebisho, na kama ni la moto sana usijitie ujuzi wa kurekebisha, subiri lipoe. Zungusha haidromita kidogo ili viputo viachie na isigande ukutani mwa silinda. Shusha jicho mpaka usawa wa kimiminika, na usome uso wake wenyewe, usidanganywe na ule ukingo mdogo unaopanda kwenye shina. Halafu andika namba mbili, kipimo na joto. Kipimo kisicho na joto pembeni yake hakijakamilika, kama vile bei isiyosema ni ya kilo au ya fungu.

Naiomba serikali ya wanafunzi ilibebe jambo hili. Tumezoea kupeleka madai ya hosteli, mikopo na daladala, na ni madai ya haki. Tuongeze na hili dogo: kila meza ya maabara yenye haidromita iwe na kipimajoto, na ripoti inayosema maji ya nyuzi 30 yamesoma 1.000 irudishwe kwa mwanafunzi aeleze. Asifelishwe. Aulizwe tu, umeona nini? Na anayeandika 0.997 asipunguziwe alama kwa kuwa hakufanana na kitabu. Kama tunaogopa alama kuliko tunavyoogopa kusema uongo, kosa si la wanafunzi peke yao, lakini sisi ndio tunaoshika kalamu, kwa hiyo tunaweza kuanza sisi.

Sasa radhi. Siku ya pili yake tulimsubiri mzee, hakuja. Siku ya tatu hakuja. Wiki ilipokwisha nikapanda gari mpaka Bumbwisudi na elfu tano yake mfukoni, nikaulizia kwa wagema mpaka nikaonyeshwa. Nikamkuta chini ya mnazi anatia makali kisu chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama kwamba hapajatokea kitu. Nikamweleza yote: joto, nyuzi, kile kijiti, jiko letu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo hicho kifaa hakikusema nimetia maji?"

Nikamwambia, "La, mzee. Nilisema mimi."

Akapokea zile elfu tano, akasema haya, yamekwisha. Nilipomwomba atuletee tena dumu jengine akanambia tembo lake lina mnunuzi sasa, mtu anayelionja tu kwa ulimi na kulipa. Siki yetu ilitoka nzuri, kali, na mwalimu aliisifu. Kwenye ripoti tuliandika utomvu ulianza na 1.060. Joto tuliliandika pembeni.